Ishara ya Sikio

Ndugu msomaji, hebu nikuulize swali kabla hatujafika mbali. Wewe na mwenzako mnazungumza jambo lenu mbele za watu. Mtu wa tatu anadakia, anawakata maneno, na kile mlichotaka kuambiana hakisemeki tena. Je, ni haki kuambiana kwa ishara ambayo yeye haijui? Wengi watajibu, "Kwani kuna ubaya gani? Si yeye ndiye aliyeanza?" Hata mimi nilikuwa nikijibu hivyo hivyo.

Kwetu Ujiji, siku za mbalamwezi wavuvi wa dagaa hupumzika. Dagaa hufuata taa gizani, na mwezi ukiwaka sawasawa taa haina kazi. Basi watu hukaa chini ya miembe, huyu anashona wavu, yule anachanganya karata. Sisi tulicheza wahedi wa sitini: watu wanne, wawili wawili, mwenzako kakaa mbele yako. Pointi zote ni 120, na anayefikisha 61 kashinda. Mimi nilikuwa nacheza na kaka yangu. Akigusa sikio, ana ree ya turufu. Akikuna pua, ana seti. Aliyekamatwa alichekwa, akaambiwa, "Acha wizi wewe!", na mchezo ukaendelea. Kila mtu pale alikuwa na ishara zake, na kila mtu alijua kwamba wenzake wanazo. Kwa hiyo sikuona kosa, na mpaka leo kwa mchezo ule sioni kosa kubwa.

Kosa lilikuja baada ya baba kufariki. Tulikaa kikao cha ukoo, kaka akawa anaeleza mali ya marehemu: nyumba, mtumbwi, nyavu, karabai na mashine ya boti. Alipofika kwenye mashine shangazi akadakia: "Hiyo mashine nusu ni hela yangu ya mawese. Nilimkopesha kaka yangu." Watu kimya. Maandishi hayakuwepo. Kaka akanitazama, akagusa sikio.

Nilimwelewa mara moja. Alikuwa ananiambia: karata ninayo, nifuate. Nami nilikuwa nikijua ukweli, maana zile hela nilizibeba mimi mwenyewe kutoka kwa shangazi mpaka Kibirizi, nikazitia mkononi mwa baba. Wazee wakaniuliza, "Na wewe kijana, unajua lolote?" Nikasema, "Sikumbuki." Neno moja tu! Mashine ikahesabiwa kuwa ya marehemu, ikauzwa, tukagawana.

Miaka miwili baadaye nilikuwa masomoni Dar es Salaam. Mpangaji mwenzangu, mzee mmoja mstaafu, alinifundisha mchezo wa karata uitwao briji. Nao ni wawili wawili, lakini kabla ya kucheza kuna mnada. Kila mtu kwa zamu yake hutaja ngapi kati ya mizunguko 13 upande wake utakula, na kwa turufu gani. Kila tamko lazima lizidi lililotangulia, na ngazi zake zinapanda hivi: pau, uru, kopa, shupaza, na juu kabisa bila turufu.

Sasa sikiliza. Mwenzako akifungua kwa "moja bila turufu", kwa mapatano ya wengi anasema kwamba karata zake zimelingana na zina pointi 15 hadi 17, ree ikiwa 4, kingi 3, kwini 2 na jeki 1. Wewe ukijibu "mbili pau", hutaki pau. Unauliza, "Je, una karata nne za kopa au za shupaza?" Ni mazungumzo mazuri yenye utulivu. Lakini kabla hujafungua kinywa, adui anatia "mbili uru". Swali lako limekufa, maana pau iko chini ya uru.

Nilikasirika, nikamwambia mzee kwamba huo ni uchokozi. Akacheka. "Ni haki yake, mwanangu. Nafasi ya kusema si mali yako peke yako." Dawa yake ni mapatano yaliyofanywa mapema. Wapo waliokubaliana kwamba adui akitia "mbili pau", wewe ukisema "mara mbili" maana yake ni: neno langu ndilo hilo aliloniibia. Wapo wanaosema "mbili bila turufu" ili mwenzao alazimike kujibu "tatu pau", halafu ndipo waeleze walicho nacho.

Nikauliza, "Si bora nikune pua tu?" Mzee hakucheka tena. Alinieleza kwamba katika briji kosa kubwa kuliko yote ni kuwasiliana na mwenzako kwa njia ya siri mliyoipanga. Mapatano yenu lazima yawe wazi, na adui ana haki ya kuuliza tamko lenu lina maana gani, akajibiwa bila kufichwa. Mwaka 1975, katika mashindano ya dunia kisiwani Bermuda, wachezaji wawili wa Italia walikaripiwa kwa mambo ya kugusana miguu chini ya meza. Timu yao ilitwaa kombe, lakini wapenzi wa mchezo ule hawakusahau ile miguu.

Usiku ule sikulala vizuri. Niliona kwamba karata zinaweza kuwa siri, lakini lugha haiwezi. Kaka alikuwa na haki ya kutosema yote yaliyomo moyoni mwake. Tulikuwa na madeni, na wadogo zetu walikuwa shuleni. Angeweza kusema mbele ya wote, "Shangazi, hela hatuna, tupe muda." Hiyo ingekuwa karata yake, kaiweka mezani. Lakini shangazi aliamini kwamba pale kikaoni tunazungumza lugha moja, kumbe zilikuwa mbili. Chini ya mwembe kila mtu ana ishara. Kikaoni tulikuwa nayo sisi wawili tu. Hapo ndipo ujanja unapogeuka wizi.

Tena alikuwa na haki ya kudakia! Deni la marehemu hulipwa kwanza, ndipo mirathi igawanywe. Sisi tulimwona mwenye haki yake kama mvurugaji.

Nilirudi nyumbani likizo nikamweleza shangazi kila kitu. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Nilijua, mwanangu. Nilikuona ukitazama chini." Tangu siku hiyo namlipa kidogo kidogo. Kaka alikasirika sana: "Wewe ni mwenzangu au mwenzao?" Sikuwa na jibu zuri, na mpaka leo salamu zetu ni fupi. Wapo watakaosema nimemwacha ndugu yangu peke yake mezani. Siwezi kuwakatalia moja kwa moja, maana ananiuma.

Lakini najua hili moja. Mbalamwezi ikirudi, kaka akinikubali, tutakaa tena chini ya mwembe tucheze, aguse sikio atakavyo. Siku tutakayokaa na shangazi, mikono yetu na ikae magotini.