Nguo za Marehemu

Je, ni adabu kutia mkasi katika nguo za marehemu? Wako waonao kuwa ni kumvunjia heshima. Mwaka 1942 Missouri Pettway, mjane wa Gee's Bend, Alabama, huko Marekani, alizikata nguo za kazi za mumewe, akaziunga kuwa blanketi la viraka, apate kumkumbuka na kujifunika mapenzi yake. Mkasi ule haukukosa: sandukuni nguo hizo zisingalimfaa mtu. Blanketi hilo sasa limo katika Makumbusho ya Taifa ya Sanaa, Washington. Limetukuzwa, na lilistahili. Ila halimfuniki mtu. Yule aliyeshona ili usiku uwe na joto angalichagua lipi: ukuta wa makumbusho, au mtoto wa jirani atetemekaye kwa baridi?