Marudi ya Mwana Aliyeshindikana

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake.

Amma baad. Katika misiba imfikayo mtu nyumbani mwake, ni michache iliyo mizito kama mwana aliyeshindikana. Hakusudiwi hapa mtoto mtundu, kwani utundu ni ada ya watoto wote. Akusudiwaye ni yule apigaye wenzake hata akawatoa damu, aibaye kisha akaapa kuwa hakuiba, atesaye wanyama, wala haonyeki. Baba amempiga hata mkono umechoka. Mwalimu wa chuoni amemrudisha kwao. Majirani hawaishi kushitaki. Mwisho baba hukaa barazani akasema, "Huyu si mwanangu tena," na ulimi wake u karibu na kuapiza. Hapo huzuka swali lipasalo kujibiwa kabla apizo halijatoka: Je, mtoto huyu ni mwovu wa kuadhibiwa, au ni mwanafunzi ambaye hajafunzwa?

Nusu ya jawabu imo katika dini. Kalamu haimwandikii mtoto dhambi hata abaleghe, na kila azaliwaye huzaliwa juu ya fitra. Ni kweli watoto hawakuumbwa sawa; yuko mpole, na yuko mkali tangu utotoni. Lakini ukali si uovu. Ni mzigo wa malezi uliozidi uzito. Basi uovu hauna budi kutafutwa ulikotoka.

Huko Oregon, Marekani, mtaalamu wa tabia aliyeitwa Gerald Patterson na wenzake waliingia majumbani mwa watoto wa namna hii, wakawa wakiandika yapitayo baina ya mzazi na mwana. Khabari zake alizikusanya katika kitabu cha mwaka 1982. Walionalo ni hili: baba huamrisha, mtoto hukataa kwa makelele, baba huchoka akaliacha neno lake, na nyumba hutulia. Siku hiyo mtoto amesoma somo, kwamba makelele hushinda. Kesho yake baba hakubali kushindwa; huzidisha sauti, na mtoto naye huzidisha, hata fimbo ikashuka na mtoto akanyamaza. Siku hiyo baba naye amesoma somo, kwamba fimbo hunyamazisha. Hivyo kila mmoja amemfundisha mwenzake ukali, na nyumba imekuwa chuo cha ugomvi, wala hapana aliyekusudia.

Dawa iliyotokana na maarifa hayo humwanza mzazi kabla ya mtoto. Hufundishwa kuamrisha mara moja, kwa sauti ya chini, naye yu karibu na mtoto. Kulisifu tendo jema papo hapo na kulitaja kwa jina lake. Kuyaacha makosa madogo yapite. Na kosa kubwa kulitilia adhabu fupi iliyojulikana mbele, kama kukaa peke yake dakika chache au kukosa mchezo wa siku hiyo. Alan Kazdin, wa chuo kikuu cha Yale, hutilia mkazo jambo jingine: mzazi asitosheke kukataza ovu, bali atafute jema lililo kinyume chake, amzoeze mtoto hilo, na kila alitendapo amwekee alama, na alama zikitimia apewe alichoahidiwa.

Hapa mtu huweza kusema: "Hii ni hongo. Mtoto atendaye wema kwa ujira ana wema gani?" Neno hili lina uzito, kwani amali huwa kwa nia. Lakini hongo na ujira si kitu kimoja. Mtoto aliaye sokoni akapewa halua ili anyamaze, huyo amehongwa, kwa kuwa amelipwa kwa ubaya wake. Aliyeahidiwa kabla, akatenda, kisha akapewa, huyo amelipwa kwa wema wake. Na wahenga wasemapo kuwa mcha mwana kulia hulia yeye, hawakutaja fimbo. Walikataza kushindwa na kilio. Ama nia, Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, amekwisha kueleza kwamba mtu hujilazimisha tendo jema hata likawa tabia. Mazoea hutangulia, na nia hukua ndani yake. Imamu huyo huyo amefundisha kwamba mtoto akionyesha tabia njema atuzwe na asifiwe mbele za watu. Akikosa mara moja asifedheheshwe. Akirudia aonywe kwa siri. Wala lawama zisizidi, zisije zikawa nyepesi masikioni mwake.

Na mwenye kuitolea hoja hadithi ya sala na ahisabu vizuri. Mtoto huamrishwa sala akiwa na miaka 7, na kupigwa kumetajwa akiwa na miaka 10. Baina ya hapo ni miaka mitatu ya sala tano kila siku, yaani kuamrishwa zaidi ya mara 5,000. Je, ni baba yupi aliyeamrisha mara hizo kwa upole kabla ya kuinua mkono? Na wanavyuoni wamekataza kupiga uso, na kujeruhi. Apigaye kwa ghadhabu hamrudishi mwana, bali huipoza nafsi yake. Ibn Khaldun, aliyefariki mwaka 1406, alionya kwamba mwanafunzi aliyelelewa kwa ukali hujifunza uwongo na hila ili ajiokoe.

Khofu peke yake haifunzi. Mwaka 1978 huko Marekani ilienea filamu ya vijana waliopelekwa katika gereza la Rahway, wakakemewa na wafungwa ili waogope uhalifu. Watu waliusifu sana mpango huo. Lakini mipango ya namna hiyo ilipopimwa, waliopelekwa wakalinganishwa na wasiopelekwa, ilidhihiri kuwa waliopelekwa walizidi kukosa.

Wala haisemwi kwamba kila mtoto ataongoka. Wako ambao maradhi yamechanganyika na tabia, hao wapelekwe kwa tabibu. Na wako waliodhulumiwa kwa siri, hao waondolewe dhuluma kwanza. Lakini aliye wengi haombi ila baba aliye na subira kuliko ghadhabu yake. Anas bin Malik alimtumikia Mtume miaka 10 tangu utoto wake, wala hakusikia kwake hata neno la kuguna.

Basi kabla baba hajasema "mwana huyu ameshindikana," na ajiulize ni nani aliyeshindwa. Mwana ni amana, na amana hairudishwi kwa Mwenyewe kwa apizo.

Wabillahi ttawfiq.