Kabla ya Kujenga Jengo la Yatima

Wanangu mashemasi, nanyi wamama wa kanisa, kaeni kwanza. Mmeniita nibariki michango ya kujenga jengo la yatima hapa Mangobo. Kubariki nitabariki. Ila nisikilizeni, maana maneno haya nimeyasema hadi sauti imekauka.

Jengo lina tabia yake: likishasimama, linatafuta watoto wa kulijaza. Na wengi mnaowafikiria hawakosi pa kulala. Wako kwa bibi, kwa mama mdogo, kwa shangazi mjane anayeuza sombe sokoni. Mtume Yakobo aliwataja yatima na wajane kwa pumzi moja. Ninyi mnataka kuwatenganisha kwa ukuta wa matofali.

Mwezi wa 6 mwaka 2000, Warwanda na Waganda walipopigana siku sita katika mji huu wa Kisangani, mabomu yaliangukia nyumba kwa maelfu. Waliobaki bila wazazi walilelewa na ndugu, tena wengine ni ninyi mnaonisikiliza. Mwaka 2022 mahakama ya The Hague iliamuru Uganda ilipe Kongo dola milioni 325 kwa madhara ya miaka ile ya vita. Basi niambieni, ni kanisa gani siku zile za mabomu liliandika majina ya waliokufa na watoto waliowaacha? Tuliimba, tukazika, tukarudi nyumbani. Tangu Wambole na Walengola walipoanza kuuana kule Lubunga mwaka 2023, watoto wamevuka mto kuja ng'ambo hii. Nani kati yenu ana daftari lao?

Sasa niseme lile linalonichosha zaidi. Mzazi anakufa, kilio hakijaisha, baba mdogo ameota ndoto. Mtoto ndiye aliyemla baba yake! Anapelekwa kwa mchungaji, anafungishwa siku kadhaa bila chakula, kisha anatupwa barabarani, nasi tunamwita shege. Chunguzeni vizuri, wanangu. Mara ngapi huyo anayeitwa mlozi ndiye mwenye kiwanja? Sheria ya familia ya 1987 inawapa watoto wa marehemu robo tatu ya urithi, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya 2009 inampeleka gerezani anayemsingizia mtoto ulozi. Mwajua aya nyingi kichwani, hizo mbili hamzijui. Mchungaji anayethibitisha ndoto ya baba mdogo amemsaidia kuiba nyumba, hata kama amefunga na kukesha.

Shule ya msingi ilitangazwa bure tangu 2019. Ni vizuri, lakini yunifomu na madaftari havikutangazwa, na ya sekondari bado inalipiwa. Huko ndiko pesa ya matofali ingefika mbali. Mgawieni kila shemasi nyumba moja ya bibi, aiendee kila wiki kwa miguu au kwa baiskeli ya toleka, ale fufu pale ikiwepo, amuulize mtoto amelala vipi. Bila picha. Mgeni wa Ulaya akitaka picha, apige ya paa la kanisa.

Jumamosi kuna kilio Lubunga, marehemu ameacha watoto watatu. Nendeni mapema. Mmoja achukue daftari, mwingine amtafute shefu wa mtaa, na mwenye sauti kubwa aketi karibu na masanduku, kabla ndugu hawajaanza kugawana vitanda.