Asilimia Tano ya Ulemo

Mimi ni mtoto wa Ulemo, Iramba, na najua uchungu wa timu ya mkoani. Singida United ilipanda Ligi Kuu mwaka 2017. Kufikia 2020 ilikuwa imeshuka. Likizo iliyopita, tukipura alizeti, nilimwambia mjomba kwamba dawa ni ukomo wa mishahara.

Nilimpa mfano wa NRL, ligi ya raga ya Australia. Kule kila klabu ina kiwango cha juu cha fedha za kulipa kikosi kizima, ili tajiri asikusanye nyota wote. Mwaka 2010 Melbourne Storm walibainika kuvuka kiwango kwa siri, wakapokonywa ubingwa wa 2007 na 2009.

Mjomba akauliza, “Na huyo kijana mwenye kipaji, kosa lake nini?”

Nikamkumbusha Feisal Salum. Desemba 2022 alitaka kuvunja mkataba na Yanga. TFF ikaamua bado ni mchezaji wao, hadi Juni 2023 alipohamia Azam. Mimi nilikuwa upande wa klabu, kwa kuwa ahadi ni deni. Lakini nilipokuwa nikisema hivyo niliona tofauti. Feisal alibanwa na sahihi yake mwenyewe. Ukomo humbana hata kijana ambaye bado hajamwahidi mtu chochote.

“Wewe ulipokwenda Dar, mwanangu, nani alikuwekea ukomo?”

Sikuwa na jibu. Shule yangu ya msingi ingenihitaji kuliko chuo kinavyonihitaji, ila hakuna aliyesema nibaki ili vijiji vilingane na miji.

Bado naamini ligi inayotawaliwa na wenye fedha si ya haki. Ninachokataa ni gharama ya usawa kubebwa na anayeondoka peke yake, kwa kuuza jasho lake rahisi. Naona haki zaidi katika kanuni ya mshikamano ya FIFA: mchezaji akiuzwa nje ya nchi kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya ada hugawiwa klabu zilizomlea alipokuwa na miaka 12 hadi 23. Kijana anaondoka, na waliomlea wanapata chao.

Nilimweleza mjomba hayo kwa furaha, kama mtu aliyeshinda mjadala. Akaendelea kupepeta.

“Basi ya kwako,” akasema, “shuleni hawajaiona.”

Ni kweli. Sijatuma hata shilingi.