Utanipa Ukirudi

Siku ya mwisho ya safari yetu ya baiskeli ilianzia Igurusi kabla jua halijachomoza, ikaishia stesheni ya TAZARA, Mbeya, saa sita mchana. Tulikuwa tumetoka Morogoro siku kumi nyuma, zaidi ya kilomita 600. Mpango ulikuwa tupumzike Mbeya siku mbili, kisha turudi kwa barabara ile ile. Lakini goti langu la kulia lilikuwa limevimba tangu Mafinga, na tulipomaliza kupanda na kuiona Uyole, mwenzangu alisema neno ambalo sote wawili tulikuwa tunalificha: "Turudi na treni."

Nilifurahi sana. Furaha hiyo haikufika mbali, maana nilimkumbuka fundi.

Fundi alikuwa Ruaha Mbuyuni, kando ya barabara, kijiweni kwake chini ya mti. Spoku mbili za gurudumu la nyuma zilikuwa zimekatika na ringi imepinda. Alifanya kazi karibu saa nzima, akiizungusha ringi taratibu na kugusa spoku moja moja kwa kidole. Bei yake ilikuwa shilingi 3,000. Mimi nilikuwa na noti ya 10,000 na yeye hakuwa na chenji. Nikamwambia abaki nayo yote. Akakataa, akasema hiyo si bei yake.

"Utanipa ukirudi," alisema.

"Nitarudi, mzee. Wiki ijayo."

Hatua chache kutoka pale walikuwapo wauza vitunguu, na bila shaka mmoja wao angenichenjia. Sikwenda. Jua lilikuwa linapanda na mlima Kitonga ulikuwa mbele yetu. Nikairudisha noti mfukoni, nikapanda baiskeli.

Stesheni, baiskeli zilipokwisha kupokelewa kama mizigo, nilimsimulia mwenzangu. Alicheka. "Elfu tatu tu? Mpe mwingine mwenye shida ukifika Dar. Wahenga walisema, tenda wema nenda zako."

Nilikaa kwenye benchi nikiutafakari msemo huo, na kadiri nilivyoutafakari ndivyo nilivyoona kwamba tumeuiba. Msemo ule anaambiwa mtenda wema. Yeye ndiye anayeruhusiwa kwenda zake, asikae kungoja shukrani. Aliyetendewa hakuambiwa aende zake. Yeye ana msemo wake, mfupi na mkavu: dawa ya deni kulipa.

Hata hivyo hoja ya mwenzangu si ya kupuuza. Yapo madeni ambayo hayana njia nyingine ila kumlipa mtu mwingine. Reli ile ile tuliyokuwa tunaingoja ni mfano. Ilijengwa kati ya 1970 na 1975, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi, Zambia, kwa mkopo usio na riba kutoka China. Mkopo wa fedha serikali hukaa mezani na kuujadili. Lakini wapo watu waliokufa wakiijenga, na baadhi ya Wachina miongoni mwao wamezikwa Gongo la Mboto, Dar es Salaam. Hao nitawalipa nini? Siwezi kuwarudishia chochote. Kama nina deni kwao, nitalilipa kwa walio hai, au halitalipwa kabisa.

Fundi wangu, lakini, hajafa. Yuko pale pale chini ya mti wake, na pengine siku fulani ya wiki ile aliinua macho kila baiskeli ilipopita. Nikimpa ombaomba wa Dar elfu tatu, ombaomba atashiba, nami nitajisikia mwema. Fundi atakuwa amefanya kazi ya saa nzima bure, tena bila kuulizwa. Nitakuwa nimetoa sadaka kwa jasho la mwenzangu. Kupitisha wema mbele ni jambo jema pale ambapo nyuma pamefungwa. Pakiwa wazi, ni njia ya kukwepa yenye sura ya ukarimu.

Treni ikaondoka. Kutoka Mbeya reli na barabara kuu hazitupani sana mpaka Makambako, kisha huachana: barabara inashika njia ya Iringa na Ruaha Mbuyuni, reli inateremka milima kuelekea Mlimba na bonde la Kilombero. Tulifika Makambako giza limeingia na upepo wa baridi ukipenya dirishani. Nilijua kwamba hapo ndipo pa kushuka kama nilikuwa na nia. Goti lilikuwa linauma, tiketi iliandikwa Dar, mwenzangu amelala. Ningeweza kupanda basi asubuhi. Nilisikia treni ikianza kuvuta, nikabaki nimekaa.

Wiki mbili baadaye nilikwenda stendi ya mabasi Mbezi, nikamkabidhi kondakta wa basi la Mbeya bahasha yenye elfu kumi, pamoja na nauli ya soda yake. Nilimweleza: Ruaha Mbuyuni, ukiwapita wauza vitunguu, fundi baiskeli, mzee mwenye kofia ya kijani. Siku ya pili alinipigia simu, akasema ameipata kofia na mwenye kofia.

"Kasemaje?"

"Kachukua elfu tatu. Saba kanirudishia, kasema nikupe." Kisha kondakta akacheka. "Kauliza pia, mbona hukurudi?"

Nilitafuta jibu. Habari ya goti ilikuwa ya kweli, lakini sikuisema.