Mwenyeji Amepungukiwa Nini?

Anayefika penye janga huwa na haraka ya kuonekana anafanya kitu. Haraka hiyo huzaliwa na huruma, lakini mara nyingi humpita mwenyeji bila hata kumsalimu.

Muda mfupi baada ya usiku wa manane, tarehe 24 Machi 1989, meli ya Exxon Valdez iligonga mwamba katika Prince William Sound, Alaska, ikamwaga takriban lita milioni 40 za mafuta ghafi. Maelfu ya watu walipelekwa kusafisha fukwe. Miongoni mwa zana zao ilikuwa mipira ya maji ya moto yenye shinikizo kali. Miamba ilitakata machoni, lakini maji yale yaliua pia viumbe wadogo wa pwani walionusurika na mafuta yenyewe.

Wakati huo, kwenye kokoto zile zile, bakteria wanaokula mafuta walikuwa kazini. Nyenzo yao ni vimeng'enya. Molekuli nyingi za mafuta ni minyororo ya kaboni na hidrojeni isiyoshikika kwa urahisi. Kimeng'enya cha kwanza huchukua oksijeni na kuipachika kwenye ncha ya mnyororo, nao hupata mahali pa kushikwa. Vingine hufuata, vikiugeuza kuwa asidi ya mafuta, kisha kuukata kaboni mbili mbili, kama miili yetu inavyoyafanya mafuta tuliyokula. Mwishoni hubaki maji na kaboni dioksidi, na bakteria ameshiba.

Ujuzi, basi, walikuwa nao. Walichokosa ni naitrojeni na fosforasi, ambazo mafuta ghafi karibu hayana. Bila naitrojeni hakuna protini, na vimeng'enya ni protini. Walikuwa kama fundi mwenye mbao tele asiye na misumari. Majira ya joto ya mwaka ule watafiti waliwanyunyizia mbolea, na ndani ya majuma machache mawe yaliyopata mbolea yakaonekana safi kuliko yaliyokuwa kando yake. Bakteria wa kuletwa nao walijaribiwa, hawakuwashinda wenyeji.

Sisi husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hiyo ina ukarimu mkubwa, ila yupo mgeni anayeielewa vibaya, akadhani dawa yote imo mkobani mwake. Vijiji vyetu vinamjua. Huja na mradi, hupiga picha, huondoka. Pampu ikiharibika, hakuna aliyefundishwa kuitengeneza, na kina mama waliojua kila chemchemi ya eneo lile hawakuwahi kuulizwa neno.

Lakini kuna kosa la upande wa pili, nalo huvaa vazi la heshima. Ni kumsifu mwenyeji kwa uvumilivu wake hadi tumwachie mzigo usio wake. Mwaka 2001, miaka 12 baada ya ajali, mafuta yalikutwa bado chini ya mawe ya fukwe zile, mahali ambapo oksijeni haifiki vya kutosha. Pasipo oksijeni, kile kimeng'enya cha kwanza hakina cha kupachika, na mbolea peke yake haisaidii. Mwenye meli asingeweza kusema, "Bakteria watamaliza." Vivyo hivyo, anayesema watu wa mtaa fulani wamezoea shida, watajikwamua tu, huwa ametafuta njia ya heshima ya kukwepa wajibu.

Kwa hiyo maswali ni mawili, na yanakwenda pamoja. La kwanza: ni nani tayari yuko kazini hapa, na amepungukiwa nini? Jibu likiwa gunia la mbolea, lipelekwe gunia la mbolea, hata kama halipendezi pichani. La pili: ni nani aliyemwaga, naye amezuiwaje asimwage tena? Anayeuliza la kwanza tu anamsaidia mwenyeji leo, na kumwacha peke yake kesho.