Fatma na Fatuma

Kitambulisho cha mkeo kinasema Fatma, ripoti ya daktari inasema Fatuma. Kwa herufi moja tu, ombi la fedha za Inua Jamii, mpango wa serikali ya Kenya, kwa wenye ulemavu mkubwa, shilingi 2,000 kwa mwezi, linaweza kukwama.

Usigombane na karani. Aghalabu kosa si lake. Mwombe akuandikie kinachokosekana, kisha mwende kwa wakili mkaape kwamba majina hayo ni ya mtu mmoja. Toa nakala kabla ya kukabidhi chochote.

Kinachoniudhi zaidi ni hiki: ofisini wataongea na wewe, na mkeo kakaa papo hapo kwenye kiti cha magurudumu, kana kwamba hasikii. Waambie wamuulize mwenyewe. Yeye ndiye ajuaye maumivu yalianza lini.